Mugasha na Irungu: mvua, wanyama na msimu wa Kagera

Kila mwaka, ikikaribia Aprili, hunipigia simu jamaa wa Dar es Salaam au wa Arusha na swali lile lile: "Kaka, mwezi gani mzuri kuja huko kwenu kuona wanyama?" Kwa muda mrefu nilijibu bila kufikiri: Juni hadi Oktoba, wakati wa kiangazi. Jibu lilinitoka mdomoni kama salamu. Mpaka siku moja, mwanzoni mwa Oktoba, nikiwa nimesimama barazani kwangu Kibeta, hapa Bukoba, natazama mvua inavyoipiga migomba, nikajiuliza nimelitoa wapi. Oktoba gani hiyo ya kiangazi? Bukoba, Oktoba tunatembea na miavuli.

Jibu lile limetoka Serengeti. Lilitungwa kwa ajili ya nyanda zile, likanakiliwa Tarangire na Ruaha ambako linafaa kwa kiasi kikubwa, kisha likabandikwa kwenye kila hifadhi ya Tanzania kama bei elekezi. Mwaka 2019 mkoa wetu wa Kagera ulipopata hifadhi za taifa tatu kwa mkupuo, yaani Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, kipeperushi chenye jibu hilo kikatufikia na sisi. Nasema hakitufai. Kimekosea miezi, ndiyo, lakini kosa kubwa zaidi ni kwamba kinaichukulia mvua kama kero ya kukwepwa na wanyama kama mali ya kuuzwa, vitu viwili visivyohusiana. Huku kwetu mvua ndiyo iliyoamua nani akae wapi: mtu, ng'ombe, nyati, senene, hata mbung'o.

Chukua safari moja tu. Unatoka Kibeta saa kumi na mbili asubuhi mvua inanyesha, waipa zinahangaika kiooni. Unapita Kemondo, harufu ya ziwa na dagaa inaingia dirishani, bado kunanyesha. Ukifika Muleba mjini jua limetoka na lami inakauka kwa mabaka. Ukiiacha lami na kushuka magharibi kuelekea bonde la Ziwa Burigi, gari linaburuta mkia wa vumbi, na majani ya pembeni mwa njia yamekuwa mekundu. Wageni husema hali ya hewa imebadilika. Haijabadilika. Ni wao waliotoka katika nchi moja ya mvua wakaingia nyingine, na bado ni siku ile ile.

Mji wa Bukoba hupata wastani wa takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Aprili peke yake huzidi milimita 300, ilhali Dodoma mwaka mzima haifiki 600. Ukivuka safu za kwanza za vilima unaingia ukanda wa kati, milimita 1,000 hadi 1,400. Ukishuka upande wa pili, Burigi na sehemu kubwa ya Karagwe, unakuta chini ya 1,000. Ni mkoa mmoja, na mtu anayesikiliza utabiri wa msimu redioni atasikia jina moja tu, Kagera, limewekwa kwenye kapu la Ukanda wa Ziwa Victoria. Mamlaka ya Hali ya Hewa haina kosa. Utabiri wa msimu lazima uongee kwa mikoa. Lakini mtu wa kambi ya wageni aliyeko Burigi akipanga mambo yake kwa mvua ya Bukoba, ameazima saa ya jirani.

Wahaya wa zamani walilijua jambo hili kwa namna yao. Katika dini ya jadi ziwa na dhoruba vilikuwa vya Mugasha. Pori, wanyama na wawindaji vilikuwa vya Irungu. Walikuwa wawili, kila mmoja na himaya yake, na mvuvi hakwenda kumwomba yule wa mwindaji. Mimi si mtaalamu wa mambo ya embandwa, mizimu hiyo ya jadi, na sitaki kujifanya. Ila kila ninaposafiri kutoka ziwani kwenda Burigi naona kwamba wazee hawa walikuwa wamechora ramani ya mkoa vizuri kuliko kipeperushi.

Nianze na Mugasha. Ziwa Victoria, ambalo Wahaya huliita Rweru, lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji hayo yote hayapoi upesi kama udongo. Usiku nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake. Hewa baridi kutoka pande zote za ufukwe huteremka kuelekea majini, inakutana huko katikati, inakosa pa kwenda isipokuwa juu, na kupanda kwake ndiko kunakozaa mawingu ya radi. Kisha pepo za jumla za eneo hili, ambazo hutoka mashariki, huyasukuma mawingu hayo kuja kwetu. Yanatua Bukoba alfajiri. Ndiyo maana mtoto wa Bukoba anazoea kulowa akienda shule na kukauka akirudi, wakati mwenzake wa Kisumu, upande wa pili wa ziwa hilo hilo, hulowa jioni: mchana mambo hugeuka, upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, na mawingu hupanda kwenye milima ya Kenya. Wakulima wa chai wa Kericho wanaoharibiwa majani na mvua ya mawe ya alasiri, na sisi tunaoamshwa na ngurumo saa kumi na moja alfajiri, tunahudumiwa na mtambo mmoja kwa zamu.

Saa hizo za mvua si jambo dogo kwa anayesafiri. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, karibu kabisa na ufukwe. Watu 19 walikufa. Wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Waliokuwa mjini siku hiyo watakueleza kwamba kufikia mchana anga lilikuwa limetulia. Tangu hapo, mgeni akiniuliza usafiri, namwambia mwezi si hoja kubwa. Hoja ni saa.

Mawingu yakishatua hukutana na vilima. Nchi ya Bukoba na Muleba imekunjwa kwa migongo mirefu inayoelekea kaskazini na kusini, kama matuta ya viazi, sambamba na ufukwe. Kila tuta linakamua sehemu yake ya mvua na kuliachia la nyuma yake mabaki. Ukifika tuta la nne au la tano, wingu limekwisha kuwa kitambaa kilichokamuliwa.

Sasa swali ambalo mgeni huwa haulizi, nami nadhani ndilo kiini cha yote: ikiwa mvua ni nyingi hivi pwani ya ziwa, na majani ni mabichi mwaka mzima, kwa nini makundi ya wanyama hayako huku? Kwa nini nyati na nyamera wako kule kwenye vumbi?

Jibu jepesi ni kwamba watu wamejaa. Ni kweli, lakini halitoshi. Jibu la chini zaidi liko kwenye udongo. Milimita 2,000 kwa mwaka, karne baada ya karne, juu ya miamba ya mchanga, zimeuosha udongo wetu mpaka umebaki mchachu na maskini. Mhaya anaijua habari hii kwa majina mawili: kibanja na rweya. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa, jeusi, lenye rutuba. Lakini rutuba hiyo ililetwa na watu, kwa samadi ya ng'ombe na nyasi za kutandaza, vizazi kwa vizazi. Rweya ni uwanda wa nyasi unaozunguka vibanja, na huo ndio udongo wenyewe ulivyo. Nyasi zake ni ndefu, ngumu, na baada ya wiki chache za kuchipua hazina lishe. Ng'ombe akichungwa rweya anarudi tumbo limejaa na mbavu zinahesabika. Ulinganishe na nyanda za kusini mwa Serengeti: zinapata mvua kidogo, lakini zimeketi juu ya majivu ya volkano, na nyasi zake fupi zina madini ya kutosha kulisha nyumbu wanaonyonyesha. Kwa hiyo Afrika Mashariki ina kanuni ambayo huwashangaza wengi: mvua nyingi juu ya udongo mzee hukupa majani mengi na wanyama wachache. Mugasha, kwa ukarimu wake, ndiye aliyemfukuza Irungu pwani.

Huko magharibi basi ndiko tunakokwenda. Hifadhi ya Burigi-Chato ilizinduliwa Julai 2019 na Rais John Magufuli, kwa kuunganisha yaliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ina kilomita za mraba 4,707, ya nne kwa ukubwa nchini nyuma ya Nyerere, Ruaha na Serengeti. Ni nchi ya vilima virefu na mabonde, misitu ya miombo, vichaka, na katikati yake Ziwa Burigi, jembamba na refu, limezungukwa na mafunjo. Kuna tembo, nyati, twiga, pundamilia, nyamera, pofu, swala, viboko, palahala na korongo (huyu swala mkubwa mwenye uso wa kinyago, si ndege), na ndani ya mafunjo yuko nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizotanuka asizame matopeni.

Palahala na korongo ni ushahidi mzuri wa ninachosema. Ni wanyama wa nchi yenye nyasi za lishe duni: hawaendi kwa maelfu, wanatembea wachache wachache katika eneo kubwa, wakichagua. Mtu aliyekuja na picha ya msafara wa nyumbu kichwani atapita siku nzima Burigi akadhani hifadhi ni tupu. Si tupu. Udongo huo ndivyo unavyolisha.

Lakini uchache huo una sababu nyingine pia, za watu, na uchambuzi unaozikwepa ni wa uongo. Pori hili linaitwa la asili na wengi huamini halijawahi kuguswa. Mwaka 1861 John Hanning Speke alipita kandokando ya Ziwa Burigi, akaliandika Urigi, akiwa njiani kwenda kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Alikuta nchi ya ng'ombe na watu, na vifaru aliowawinda. Miaka thelathini baadaye ikaja sotoka, ikafagia ng'ombe. Malisho yaliyokuwa yakiliwa na kuchomwa yakaota vichaka. Vichaka vikaleta mbung'o. Mbung'o wakaleta malale. Utawala wa Waingereza ukawahamisha watu kutoka maeneo yenye malale na kuwakusanya pengine. Pori likajifunga nyuma yao. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita nyika ya Burigi ni shamba la mtu lililoachwa, na mlinzi wake wa kwanza alikuwa mbung'o.

Kisha 1994. Mwishoni mwa Aprili, katikati ya masika, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Kambi zao za Ngara na Karagwe zilikaa hadi mwishoni mwa 1996. Watu wenye njaa, wengine wenye silaha, kando ya mapori ya akiba yenye nyama na kuni: huhitaji kuelezwa zaidi. Baada ya hapo ikafuata miaka ya majambazi, mabasi yakivuka misitu ya Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki, na makundi makubwa ya ng'ombe yaliyochungwa ndani ya hifadhi. Abiria wa miaka ile hawakuangalia dirishani kutafuta twiga. Waliomba tu wafike salama.

Kwa hiyo wanyama walioko leo ni wale waliobaki, waliorudi na walioletwa. Mwaka 2020 Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, ilianza kuhamisha simba kutoka eneo la Serengeti kuja Burigi-Chato. Mpango uliotangazwa ulikuwa wa simba 36. Sipingi. Pori lisilo na mla nyama lina kasoro. Ila natabasamu kidogo: hata simba tumeazima Serengeti.

Tuje kwenye mwaka wenyewe, nami nitaueleza kama ninavyouona, nikianzia miezi ambayo kipeperushi huisifia.

Juni, Julai na Agosti ndicho kiangazi chetu. Bukoba haikauki kabisa hata Julai. Mvua za hapa na pale zinaendelea. Burigi inakauka kweli. Nyasi zinageuka rangi ya simba, mabwawa madogo yanabaki nyufa, na wanyama wanateremka bondeni kwenye maji ya kudumu. Upepo wa kusi unavuma. Asubuhi vilimani ni baridi ya koti. Kisha moto: Agosti vilima vinaungua, mioto mingine ikiwashwa kwa mpango na askari wa hifadhi, mingine na warina asali na wafugaji, na anga linakuwa la moshi mpaka jua linazama likiwa jekundu kabla halijafika mlimani. Mpiga picha atalalamika. Ni kweli wanyama wanaonekana, lakini wanaonekana kwa mbali, wamekonda, ng'ambo ya ziwa, nyuma ya pazia la moshi.

Kwa maoni yangu majuma mazuri kuliko yote ni yale yanayofuata, ambayo kwa vipeperushi hayana jina: mvua za kwanza za vuli. Vuli ya Kagera huwahi. Wakati Dar es Salaam bado wanasubiri Oktoba, huku Septemba imeshaanza kudondosha. Mvua mbili tatu zikipiga kwenye mlima ulioungua, ndani ya siku chache majivu meusi yanachomoza majani ya kijani laini, mafupi kuliko kidole. Hapo ndipo udongo wetu maskini hutoa kitu bora ulicho nacho, kwa sababu chipukizi lina lishe ambayo bua halina. Nyamera, tohe na swala wanapanda kutoka bondeni na kusambaa kwenye vilima vilivyo wazi, bila nyasi ya kuwaficha, na vumbi na moshi vimeoshwa. Dirisha hilo ni la wiki chache. Mwenye kambi anayefuata kalenda ya Serengeti huliona kama mwisho wa msimu na kuanza kupunguza wafanyakazi.

Novemba na Desemba nyasi zimekua, wanyama wakubwa wamemezwa, na mbung'o, wanaopenda unyevu na kivuli, wamechangamka. (Mgeni aliyevaa suruali ya buluu iliyokoza au nyeusi ataletewa heshima zote, rangi hizo ndizo zinazotumika kwenye mitego yao.) Januari na Februari kuna nafuu fupi ya jua. Machi masika yanafika, Aprili inafunga kila kitu: udongo mweusi wa bondeni unashika tairi kama gundi, na gari la magurudumu manne linasimama kama baiskeli. Miezi hiyo Burigi inabaki na askari wake na viboko, ambao sasa hawana haja ya kubanana ziwani kwa kuwa kila shimo limekuwa bwawa.

Hapo mfanyabiashara hufunga daftari. Nami hapo ndipo nadhani hesabu imekosewa, maana amesahau upande wa Mugasha. Viumbe wa nchi ya mvua nyingi wapo. Ni wengine tu.

Kaskazini mwa Bukoba, wilayani Missenyi, mpakani na Uganda, kuna msitu wa Minziro. Umelala kwenye bonde tambarare la Mto Kagera, na mto ukijaa maji huingia ndani ya msitu, miti ikasimama kwenye vioo. Kwa asili ni kipande cha misitu ya Kongo kilichofika Tanzania kwa njia ya Uganda, na ndiyo sababu una ndege na vipepeo ambao hapa nchini hawapatikani penginepo. Vipepeo peke yao ni zaidi ya spishi 500. Yuko shorobo mkubwa wa buluu, ndege wa ukubwa wa jogoo anayekimbia juu ya matawi kama kindi. Hakuna gari linaloweza kukuonyesha hayo. Ni kwa miguu, kwenye tope, na watu wa ndege wanalijua hilo na wanavumilia. Kuanzia Oktoba wanaongezewa wageni kutoka Ulaya na Asia: mbayuwayu, keremkerem, na membe wanaozurura juu ya ziwa hadi Aprili. Ukihesabu kwa ndege, msimu wa Kagera uko pale pale vipeperushi vinapoandika "haipendekezwi".

Na senene. Sijui kama mtu amewahi kuwaweka senene katika orodha ya wanyamapori wa kuvutia watalii, lakini kwa kweli ni wanyama wa porini wanaosubiriwa kuliko tembo. Panzi hawa wa kijani na wa kahawia hushuka kwa makundi usiku baada ya mvua, hasa Novemba na Desemba, na mara nyingine kidogo baada ya masika. Zamani waliokotwa kwenye rweya alfajiri wakiwa wamelowa umande. Siku hizi ni taa kali, mabati yaliyosimamishwa wima na mapipa chini yake, jenereta zikinguruma usiku kucha. Waganda wameupa mwezi wa Novemba jina lao, Musenene. Mtoto wa Bukoba aliyeko Mwanza au Dar es Salaam hutumiwa kopo la senene wa kukaangwa kabla hajatumiwa salamu. Angalia sasa: chakula chao ni nyasi zile zile za rweya ambazo ng'ombe anazidharau. Udongo ulioshindwa kulisha nyumbu unalisha kundi jingine linalohama, tena kwa mabawa.

Ziwani pia kuna kalenda. Usiku wa giza la mwezi, wavuvi wa Kerebe, Goziba na Bumbire huingia na taa kutafuta dagaa. Mbalamwezi ikiwaka wanashona nyavu. Mwezi mwandamo hutoa pia mawingu ya wadudu wadogo wa majini wanaopanda kutoka ziwani kama moshi wa treni, na ukiwa mbali utaapa kuna mtumbwi unaungua. Kusi ya Juni hadi Agosti hulichafua ziwa na kuyachanganya maji ya chini na ya juu. Masika huozesha dagaa walioanikwa mchangani. Mvuvi wa Muleba hatakuambia ni kiangazi au masika kabla hajatazama mwezi.

Nisisahau Rubondo, kusini kidogo, upande wa Geita, kwa sababu ni kisiwa kilichofanyiwa jaribio la kuazima wanyama muda mrefu kabla ya simba wetu. Kati ya 1966 na 1969 mhifadhi Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt walifungulia huko sokwe 17 waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya; kwa nyakati tofauti waliletwa pia twiga, tembo, mbega na vifaru. Kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Vifaru waliishia kwa majangili. Sokwe, ambao wengi wao hawakuwa wameishi msituni tangu utotoni, walijifunza upya na kuzaana, kwa kuwa msitu wenye mvua na matunda uliwakubali.

Jirani zetu wa Rwanda wana somo karibu zaidi. Akagera iko ng'ambo ya Mto Kagera ukitazama kutoka Kimisi. Mto mmoja, mvua karibu moja. Mwaka 1997 ilipoteza sehemu kubwa ya ardhi yake kwa wakimbizi waliorejea nyumbani. Tangu 2010 inaendeshwa pamoja na shirika la African Parks. Imezungushiwa uzio wa umeme upande wa magharibi, simba saba wakaletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, vifaru weusi 18 mwaka 2017. Wengi husimulia habari ya simba na vifaru. Mimi naona boti. Akagera wanamweka mgeni kwenye boti Ziwa Ihema, anatazama viboko, mamba na ndege wa mafunjo, mvua inyeshe isinyeshe, barabara ziteleze zisiteleze. Wameuza maji. Sisi tuna Burigi yenye mafunjo yake na nzohe wake, na kando yake ziwa kubwa kuliko yote Afrika, halafu tunamwambia mgeni aje wakati maji yamekwenda.

Kuna jambo moja linalovuruga hesabu zote hizi: mvua yenyewe haisimami ilipokuwa. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria, kama asilimia 80, hudondoka moja kwa moja kutoka angani juu ya ziwa. Mito, hata Kagera ulio mkubwa kuliko yote, huongeza kilichobaki. Kwa hiyo mwaka wa mvua kubwa huonekana haraka ufukweni. Baada ya mvua za 1961 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili ndani ya miaka mitatu. Vuli ya 2019, Bahari ya Hindi ilipopata joto upande wetu na kupoa upande wa Indonesia, iliujaza ufukwe tena, na Mei 2020 rekodi ya 1964 ikafikiwa na kupitwa kidogo. Mwaka 2024, baada ya El Niño, maji yakapanda juu zaidi. Vibanda vya ufukweni vilivyojengwa miaka ya maji machache viliingiliwa sebuleni. Vuli, kwa kuwa inaongozwa na joto la bahari, inatabirika mapema kwa kiasi. Masika ni mkaidi zaidi. Anayetaka kujenga kambi kando ya maji asiulize mchanga uko wapi leo. Awaulize wazee maji yalifika wapi mwaka 1964, na bado apande juu kidogo.

Novemba moja nililala kwenye kambi ndogo upande wa Muleba pamoja na wageni wawili, mume na mke, waliokuwa wamelipia kuona simba na kwa siku tatu hawakuona hata mkia. Nyasi zilikuwa zimefika kwenye dirisha la gari. Jioni ya tatu mvua ilikatika mapema, na mwongozaji wetu, kijana wa vijiji vya jirani, akaanza kutazama angani kila dakika. Mwishowe akamwendea mpishi, mama wa makamo.

"Ma, leo wanashuka. Naomba ruhusa nikamsaidie kaka kwenye bati."

"Na wageni nani atakesha nao?"

"Wamelala hao."

Hawakuwa wamelala. Yule mama wa kigeni aliuliza ni nani wanaoshuka, akaelezwa kwa mikono, akavaa buti. Alirudi karibu na alfajiri, ngurumo za kwanza zikisikika ziwani, amelowa, ana mabawa ya kijani kwenye nywele na ndoo mkononi. Mumewe alikuwa amekaa barazani na darubini, bado anatazama ng'ambo ya bonde.

"Umeona nini?" akamuuliza.

Mkewe akaketi chini, akaanza kunyofoa miguu na mabawa kama alivyofundishwa, mmoja mmoja, na mvua ikafika.